Jinsi Mheshimiwa Kizibo Alivyotusaidia Kwenda Likizo

Nchi yetu siitaji jina, na msidhani ni woga. Jina lilibadilishwa tena juzi juzi na bado sijalizoea. Mkuu wa mkoa mmoja, akiwa harusini kwa binti yake, alisema kwa furaha zake, "Leo nchi hii ni ukumbi wa shangwe!" Watu wakapiga makofi, na kesho yake sote tukaamka raia wa Ukumbi wa Shangwe, pamoja na wagonjwa hospitalini na wafungwa jela.

Kwetu sheria haziandikwi. Zamani tulikuwa na bunge lenye viti vya ngozi, lakini wabunge walikuwa wakilala humo mpaka mate yanaharibu ngozi, ikaonekana heri viti viokolewe. Utaratibu wa sasa ni mwepesi. Kiongozi anasema, watu wanapiga makofi, imekuwa sheria. Akisema na watu wakanyamaza, umekuwa upepo. Sheria ikishapita haifutwi na mtu mwingine yeyote. Ni mpaka kiongozi yuleyule aliyeisema aseme kinyume chake, na apigiwe makofi upya. Wataalamu wa nchi za nje wamewahi kuja kututazama, wakaondoka wakitikisa vichwa, nadhani kwa kuvutiwa.

Ili shughuli zisidorore ipo Idara ya Makofi, yenye vijana wa viganja vipana na mashati ya njano, ambao hukaa mistari ya mbele katika kila mkutano. Kazi yao ni kuanzisha tu. Wengine hufuata wenyewe, maana mtu wa kwetu akisikia makofi mikono yake hujiendea. Ndivyo tulivyopata Jumatatu ya Kukohoa, siku Waziri wa Afya alipopaliwa katikati ya hotuba na kijana mmoja akadhani amefika mwisho wa hoja. Ndivyo pia ng'ombe wetu walivyoanza kuhudhuria semina, kwa sababu Waziri wa Kilimo alisema jambo lake ni rahisi mno, hata ng'ombe wakiitwa semina wataelewa.

Mimi siasa siijui. Mimi ni mama wa watoto watatu, basi. Wa kwanza ni Tunu, mwenye miaka mitatu na maswali ya miaka sitini. Wanaomfuata ni Kulwa na Doto, pacha, ambao wakati mambo haya yanaanza hawakuwa na jino hata moja kinywani. Mtaani wananiita Mama Pacha. Mume wangu Mbaruku ni Baba Pacha, mtu mpole kupita kiasi. Ukimkanyaga mguu anakuomba radhi.

Mama yangu, Bi Mwanakheri, anaishi ng'ambo kwa mdogo wangu Hamduni. Alikwenda kule kutibiwa presha ya macho. Madaktari walijitahidi, kisha wakamwambia ukweli: macho yatafifia mpaka yazime, na pengine mwaka hautaisha. Mama alinipigia simu siku hiyohiyo. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia.

"Mwanangu, nyamaza unisikilize," alisema. "Sauti za wajukuu zangu nitazisikia hata nikiwa kipofu. Nyuso ndizo ninazozitaka. Kwenye simu naona ukungu tu. Niletee niwapakate hapa dirishani, jua likiingia, niwaone mmoja mmoja."

Basi tukapanga kwenda likizo, miezi mitatu mizima, wote watano.

Mwenye kutaka kumjua mwenzi wake apange naye safari ndefu yenye watoto wachanga. Mbaruku alipendekeza begi moja. Nilicheka mpaka Tunu akaja kuuliza nani kamtekenya mama. Nikaanza kumwonyesha: nepi, vitambaa vya kufutia matapishi, unga wa uji wa lishe, dawa ya tumbo la kujaa gesi, kanga za kubebea, na poti la Tunu lenye kichwa cha bata. Hamduni alisema kwa simu nisijisumbue na mizigo, kule kila kitu kinapatikana. Nikamuuliza kama linapatikana bata ambalo Tunu analifahamu, kwa sababu juu ya poti jingine mtoto yule hafanyi kitu, atakaa nacho siku nzima akikutazama. Hamduni akasema nilete bata.

Pasipoti za pacha zilitutoa jasho. Picha ilitakiwa iwe na macho wazi, mdomo uliofungwa na sura ya uzalendo. Kulwa akifumbua macho Doto anafumba. Afisa uhamiaji, Bwana Sekioni, alizitazama picha mbili zilizopatikana akasema watoto hawa wanafanana mno, na kwa usalama wa taifa ingefaa mmoja wao ajirekebishe. Kisha akaanza kuuliza maswali ya kawaida.

"Huyu kazi yake?"

"Ananyonya."

"Mwajiri wake?"

"Mimi."

"Na huyu mwingine?"

"Ni wafanyakazi wenza," nikamwambia, na yeye akagonga muhuri kwa heshima zote.

Siku ya safari tulifika uwanja wa ndege mapema. Mabegi yakapita, bata akapita, tukajipanga kwenye foleni ya uhamiaji, mimi na Kulwa mgongoni na Doto kifuani, Mbaruku na Tunu mabegani. Tungalikuwa tumeshapita kama si Waziri wa Mipaka, Mheshimiwa Kizibo, kuja asubuhi hiyo kuzindua benchi.

Lilikuwa benchi la kawaida la kukalia, lakini lilikuwa na utepe. Mheshimiwa Kizibo alivaa nishani zake zote, na kofia yake ya sherehe yenye manyoya, ile pana ya kina kirefu. Alikata utepe, akalikalia benchi, akainuka, akalisifu. Hapo angenyamaza. Lakini kipaza sauti kilikuwa mkononi, na macho yake yakaangukia mgongo wangu.

"Ndugu wananchi!" akasema. "Ni taifa gani lenye akili linaloacha dhahabu yake ibebwe mgongoni ikatoka nje mchana kweupe? Mtoto mchanga ni dhahabu! Ni dhahabu inayonyonya! Nasema, kuanzia leo, hakuna mtoto wa chini ya miaka mitano atakayevuka mpaka wa nchi hii!"

Mashati ya njano yakaanza, na uwanja mzima ukafuata. Nikasikia makofi karibu kabisa na sikio langu. Alikuwa Mbaruku. Nilimtazama, naye akaitazama mikono yake akiwa haamini, Tunu akiwa bado mabegani anamsaidia kupiga.

Nilimwendea Mheshimiwa palepale. Nilikuwa bado nina adabu wakati huo.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, mama."

"Mheshimiwa, mama yangu anapoteza macho. Hajawahi kuwaona hawa. Hatuhami, tunakwenda kumwonyesha tu halafu tunarudi nao, dhahabu yote."

Alitabasamu kwa ajili ya wapiga picha. Akampapasa Doto kichwani kwa vidole viwili, kama mtu anayejaribu joto la pasi. "Mama, wazee hawana haraka," akasema kwenye kipaza sauti. "Macho ya huyo bibi yamemtumikia vya kutosha. Mtumie picha!"

Wakapiga makofi. Ikawa sheria. Nikawa natakiwa na sheria za nchi kumtumia picha mwanamke asiyeona picha.

Nasema waziwazi kwamba hapo ndipo nilipomchukia mtu yule. Nilimchukia kwa roho yangu yote, na nikajiambia kwamba huyu bwana ataulipia mkono wake aliouweka juu ya kichwa cha mwanangu. Ndege iliondoka na mabegi yetu. Hamduni aliyapokea kule, akaniambia baadaye kwamba mama ameyafungua, akatoa vinguo vya watoto kimoja kimoja, akawa anashinda navyo mapajani akivinusa. Nilipoambiwa hayo niliingia bafuni, nikafungua maji ili Mbaruku asinisikie.

Wiki iliyofuata ilikuwa siku ya kliniki, siku ya kuwapima watoto uzito. Pale kliniki hakuna mwanamke asiye na hasira, ni joto na foleni na mizani mibovu. Rafiki yangu Mama Zawena, ambaye akinong'ona anasikika mtaa wa pili, alikuwa naye amezuiwa kumpeleka mtoto wake kwa baba yake anayefanya kazi ng'ambo. Kulikuwa na wengine wengi kama sisi.

"Tuandamane!" akasema Mama Zawena.

"Tutapigwa," nikamwambia. "Jamani, mnajua kupiga makofi?"

"Nani asiyejua?"

"Basi. Yule bwana anapenda kujisifu, na tatizo letu ni kwamba siku zote tunawaachia wale wa mashati ya njano waamue sifa ipi ishike. Siku ya Mtoto atahutubia. Tukae mbele. Mkiniona mimi napiga, na nyie pigeni. Nisipopiga, kila mtu amshike mwanawe kwa mikono miwili."

Mama Zawena akamhamishia mtoto wake bega la pili. "Na wewe husema siasa huijui," akasema.

"Siijui," nikamjibu. "Nina watoto wadogo tu."

Siku ya Mtoto tuliwahi mistari ya mbele kabla ya Idara. Vijana wa mashati ya njano hawakuthubutu kuwainua wanawake wanaonyonyesha, wakakaa nyuma yetu. Mheshimiwa Kizibo alizungumza juu ya hatua kubwa zilizopigwa, sisi kimya. Akazungumza juu ya benchi, kimya. Akaanza kutokwa jasho, na mtu kama yule akikosa makofi huongeza sauti na ahadi.

"Mnafikiri nani anawalea watoto wa nchi hii?" akapaza sauti. "Ni nyinyi? Nyinyi mnazaa tu! Mimi ndiye baba yao, mimi ndiye mama yao! Mtoto akilia katika nchi hii, ninayeamka kumbembeleza ni mimi, Kizibo!"

Nikapiga makofi. Loo, nilipiga! Wenzangu wakapiga, na vijana wa Idara huko nyuma, wakiwa na aibu ya kutanguliwa kazini, wakapiga kutushinda. Mheshimiwa akainama kwa shukrani, mkono kifuani.

Alasiri hiyohiyo tulikuwa langoni kwake na watoto. Hatukuwa na fujo yoyote. Tulipanga foleni nzuri, tukawakabidhi walinzi kwa heshima, kila mama akieleza mambo ya mwanawe: huyu anapenda kuimbiwa, huyu ukimlaza chali anacheua, huyu ana chango, huyu usimwonyeshe mtu mwenye ndevu. Sheria haikusema lolote juu ya kunyonyesha, kwa hiyo sisi tulitandika mikeka yetu bustanini. Mtoto akitaka kunyonya analetwa, akishiba tunamrudishia Mheshimiwa. Tulikuwa raia wema sana siku zile. Tulilala vizuri sana pia, na baadhi yetu tulikuwa hatujalala tangu tujifungue.

Habari za ndani tulizipata kutoka kwa mpishi wake. Alisema watoto huanza mmoja, kisha wanaambukizana, na kwamba Mheshimiwa alikuwa akizunguka vyumbani na suruali ya kulalia na nishani, akiamini nishani zitawatuliza. Kulwa alitoa jino lake la kwanza akiwa anaitafuna nishani ya Tawi la Ushujaa Daraja la Pili. Makochi yake meupe hayakutambulika tena. Na Tunu, ambaye bata wake alikuwa ng'ambo, alikataa vyoo vyote vya jumba lile, akazunguka na kutafuta, mpaka alipoiona ile kofia ya sherehe, pana, ya kina kirefu. Mpishi alisema alikaa juu yake kwa utulivu na akafanya kazi ya kutosha. Nilimwombea mwanangu baraka.

Mheshimiwa alitaka kuifuta sheria mapema, lakini kila alipoitisha mkutano hakukuwa na wa kupiga makofi. Idara nzima ya Makofi alikuwa ameiita nyumbani kwake kusaidia kubeba watoto, kila kijana na mtoto mmoja mkono huu na mmoja mkono huu, na sisi akina mama tulihudhuria tukiwa tumekumbatia wengine. Alisema, "Naifuta sheria ya kubembeleza!" Akatusubiri. Ndege wa mtini wakasikika. Kijana mmoja alijaribu kuachia mkono, Mama Zawena akamwambia, "Mwangushe mwanangu uone," naye akatulia.

Siku zikawa wiki, na wiki zikawa miezi, maana bwana yule alikuwa mkaidi, nami nilikuwa mkaidi zaidi. Furaha yangu ilikuwa na kidonda ndani yake. Kila nilipoongea na mama, alikuwa amepoteza kitu kingine. Mara haoni sindano. Mara haoni rangi ya kanga yake. Mara anamwona Hamduni kama kivuli mlangoni. "Bado naona jua, mwanangu," aliniambia. "Njooni na jua bado naliona." Nilikuwa nikikata simu ninakwenda kukaa langoni kwa Kizibo, nikiomba watoto walie zaidi.

Hatimaye akaitisha mkutano mmoja zaidi. Alikuwa amekonda, na begani kwa koti lake kulikuwa na michirizi mikavu ya maziwa. Alinijia moja kwa moja kabla ya kupanda jukwaani.

"Mama Pacha, sema unachotaka."

"Mimi ni wa kusikiliza tu, Mheshimiwa. Wewe ndiye msemaji."

Akapanda, akaanza kujaribu, kama mtu anayejaribu funguo. "Watoto warudi kwa mama zao!" Kimya. "Watoto wa chini ya mwaka mmoja waruhusiwe kusafiri, kwa kibali maalumu!" Kimya, ila Doto aliyecheua. Akashusha pumzi. "Basi! Watoto wote wa nchi hii wavuke mpaka na wazazi wao, siku yoyote, kwenda popote, na leo mama zao wawachukue! Wawachukue!"

Tuliwalaza watoto kwenye mikeka tukapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Mbaruku alipiga akilia.

Hapo angeshuka. Nasema kweli, kama angeshuka pale ningemsamehe nusu. Lakini ndugu zangu, kipaza sauti bado kilikuwa mkononi, na makofi yale yalikuwa ya kwanza kuyasikia kwa muda mrefu. Yalimpanda kichwani.

"Mnanipigia makofi sasa!" akafoka. "Watu msio na shukrani! Mimi, mwenye nishani kumi na moja, nimetapikiwa! Heri niache uwaziri leo hii niwe yaya! Heri niwe yaya wa hawa pacha hapa," na kidole chake kikawaelekea Kulwa na Doto, "niwabadilishe nepi waendako kokote, kuliko kuwaongoza watu kama nyinyi!"

Nilikuwa nimeshaanza kupiga kabla hajafunga mdomo.

Alielewa upesi. Akanyanyua kipaza sauti, akapiga kelele kwamba anaifuta, ameifuta, haikuwa hivyo. Lakini wa kufuta sheria ni kiongozi, na pale jukwaani hakukuwa tena na kiongozi. Alikuwepo yaya wangu, akipiga kelele mbele ya watoto.

Bwana Sekioni alimtengenezea pasipoti mpya. Alimuuliza kazi yake. Kizibo akasema, "Waz..." nami nikasema, "Yaya," na muhuri ukagongwa. Kwenye ndege tulimkalisha katikati ya pacha. Doto aliumwa masikio ndege ilipopaa, akalia tangu mawingu ya kwetu mpaka mawingu ya watu. Mimi nilikula chakula changu kikiwa moto, kwa mara ya kwanza tangu nijifungue, kisha nikaagiza chai.

Hamduni alitupokea. Alinikumbatia kwa muda mrefu kuliko kawaida, na kabla hajasema nikajua.

"Dada," akasema, "yamezima. Wiki iliyopita. Aliniuliza kama nimefunga pazia, na pazia lilikuwa wazi."

Wiki moja. Nilimtazama Kizibo, amesimama na begi la nepi begani, akijifanya anasoma vibao.

Mama alikuwa amekaa palepale dirishani, jua limemwangukia mapajani, na vile vinguo vya watoto pembeni yake. Nikampa Tunu kwanza. Akampitisha vidole usoni, polepole, paji, nyusi, mashavu, akasema, "Huyu ni marehemu baba yako kabisa." Nikampa Kulwa, nikampa Doto. Aliwashika mmoja baada ya mwingine, akarudia, akarudia tena, na uso wake ukawa unauliza kitu ambacho vidole havikuweza kumjibu. Nilikaa sakafuni nikashika mguu wake, nikalia kwa sauti bila haya.

"Nani yule anayepumua mlangoni?" mama akauliza.

"Ni yaya, mama," nikasema. "Ndiye aliyekuwa waziri. Ndiye aliyesema nikutumie picha."

Kizibo akavuta pumzi, akajiweka sawa, akanyoosha kifua. "Ndugu mama," akaanza, "napenda kuchukua nafasi hii..."

"Kumbe ni msemaji," mama akamkatiza, taratibu. "Vizuri. Vuta kigoda ukae hapa, baba. Una macho?"

"Ninayo, mama."

"Basi niambie sura za wajukuu zangu. Wote watatu. Una miezi mitatu, usiwe na haraka. Anza na huyu niliyempakata."

Akakaa. Alimtazama Kulwa, na Kulwa akamtazama yeye, wale wawili waliojuana usiku kucha. Mtu yule aliyekuwa hakosi neno hata mbele ya benchi alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Ana... ana macho mawili," akasema.

"Ya namna gani?"

"Meusi. Makubwa. Yanakutazama wewe, mama, yanakutazama usoni, yana..." Machozi yakaanza kumtoka.

Mama hakumwonea huruma, wala mimi. Aligeuza uso wake upande sauti ilikotoka, akamweka mtoto vizuri kwenye jua.

"Endelea," akamwambia.